UKURASA WA FAMILIA: CA-125 imepanda. Tufanye nini nyumbani?

Mwezi huu tutaongea juu ya jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini tu. Mama yuko kwenye matibabu ya kansa ya ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo pembeni mwa kizazi. Anarudi kutoka hospitali na karatasi ya damu, na namba imepanda. Nyumba nzima inakaa kimya kama kuna msiba, na bado mtu yuko hai, ameketi hapo hapo.

Mtauliza, mwalimu na habari za damu wapi na wapi? Ni kwa sababu karatasi inaandikwa Kiingereza na wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa. Basi watu wanakuja kwa mwalimu: "Unisomee hii. CA imepanda, kwa hiyo niko nakufa?" Mimi si daktari. Haya nimeandika ili mtu aende kwa daktari akiwa na maswali ya maana, asiende na woga peke yake.

NAMBA HIYO NI YA NINI?

CA-125 ni protini inayopatikana katika damu. Kipimo chake kilitokana na kazi ya Dokta Robert Bast na wenzake huko Marekani mwaka 1981. Kansa nyingi za ovari zinatoa protini hii kwa wingi, ndiyo maana daktari anaipima kabla ya kemo, wakati wa kemo, na baada ya kemo. Mpaka unaotumika sana ni 35. Chini ya hapo wanaita kawaida.

Lakini sikilizeni vizuri: protini hii haitoki kwa kansa peke yake. Inaweza kupanda kwa sababu ya maambukizi ya nyonga, ugonjwa wa ini, moyo ulio dhaifu, maji ya tumbo, upasuaji wa tumbo wa karibuni, hata hedhi au mimba. Na hapa kwetu tusisahau kifua kikuu. Watu wanafikiri kinakaa kwenye mapafu tu, lakini kinaingia hata tumboni, na kikiwa tumboni kinaweza kupandisha CA-125 sana. Kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu au aliye kwenye dawa za TB, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Tena iko kinyume chake. Kuna kansa za ovari ambazo hazipandishi CA-125 hata kidogo. Kwa hiyo namba ya chini si ruhusa ya kuacha kwenda kuonana na daktari.

KWANZA, TUSOME NAMBA SAWASAWA

Kifaransa kinaandika 35,4 kwa mkato. Kiingereza kinaandika 35.4 kwa nukta. Na Kiingereza kinatumia mkato kutenganisha maelfu: 1,240 ni elfu moja mia mbili arobaini, si moja na kitu kidogo. Mtu aliyesoma Bukavu au Bujumbura anaweza kufurahi bure au kulia bure kwa sababu ya mkato mmoja. Mwombe nesi akusomee namba kwa mdomo, kisha uiandike mwenyewe.

Tafuta daftari moja, hata la kurasa chache, liwe la mgonjwa tu. Uandike: tarehe ya kipimo, namba, jina la maabara, na tarehe ya kemo ya mwisho. Jina la maabara lina maana kwa sababu mashine hazifanani. Damu ya mtu yule yule inaweza kutoa namba tofauti kidogo Mbarara na tofauti kidogo Kampala. Ikiwezekana, mtu apimwe mahali pamoja kila mara.

Tarehe ya kemo ya mwisho nayo ina kazi. Kemo ya kwanza mara nyingi ni dawa mbili, kaboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki 3, mara 6. Ugonjwa ukirudi, daktari atataka kujua kama miezi 6 imepita tangu dawa ya mwisho. Ikiwa imepita, mara nyingi dawa za jamii ile ile bado zinaweza kusaidia. Ikiwa haijapita, anafikiria dawa nyingine.

NAMBA MOJA HAITOSHI

Sisi walimu hatusemi mtoto ameshindwa shule kwa sababu ya zoezi moja la Jumatatu. Tunaangalia anavyokwenda. Hii nayo iko hivyo. Mfano tu: mtu alikuwa na 14, kisha 19, kisha 16. Hiyo 19 "imepanda", lakini iko chini ya 35 na imerudi. Mwingine alikuwa na 14, kisha 38, kisha 90. Huyo anapanda kwa mstari, na daktari atashughulika naye.

Kwa mtu ambaye namba yake ilishuka mpaka kawaida, madaktari wana kanuni inayotumika sana: ifike mara mbili ya mpaka, yaani 70 au zaidi, na ionekane hivyo mara mbili, vipimo vikiachana angalau wiki 1. Kama haikushuka kamwe mpaka kawaida, wanaangalia ile ya chini kabisa aliyofikia na kuona kama imezidi mara mbili. Kwa hiyo daktari akisema "turudie kipimo", hakudharau. Anafuata njia.

Na kwa aliye katikati ya kemo: kuna watu ambao namba hupanda kidogo mwanzoni mwa dawa, halafu inashuka. Lakini ikiendelea kupanda kemo baada ya kemo, inaweza kuwa dawa hiyo haifanyi kazi tena. Hapo daktari anaweza kutafuta picha ya tumbo na kubadili dawa. Kubadili dawa si kusema mambo yamekwisha.

"WAMENIAMBIA NISUBIRI KWA SABABU MIMI NI MKIMBIZI"

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa. Mama amemaliza kemo, anajisikia vizuri, anapika, anaenda kanisani. Namba inapanda. Daktari anasema: tusubiri kwanza, tuangalie. Anarudi kambini na moyo umevunjika: "Wangenipa dawa kama ningekuwa mwenyeji. Sisi wakimbizi tunaambiwa tusubiri tu."

Ninaelewa neno hilo linatoka wapi. Sisi tumesubiri mambo mengi. Lakini katika jambo hili, wanawake wa Ulaya wenye hospitali kubwa nao wanaambiwa wasubiri, na kuna sababu yake.

Mwaka 2010 jarida la madaktari la The Lancet lilitoa utafiti ulioongozwa na Dokta Gordon Rustin wa Uingereza. Walichukua wanawake 529 waliomaliza kemo ya kwanza na ugonjwa hauonekani tena, kisha CA-125 yao ikapanda kupita mara mbili ya mpaka. Kundi moja lilianzishiwa kemo mara moja. Kundi la pili halikuambiwa namba. Walikaa na maisha yao mpaka dalili zilipotokea, ndipo wakaanza dawa. Kundi la kwanza lilianza kemo karibu miezi 5 mapema. Matokeo? Kwa wastani, muda wa kuishi haukuwa na tofauti. Walioanza mapema hawakuongeza siku. Walichoongeza ni muda wa kichefuchefu, uchovu na safari za hospitali.

Tangu wakati huo dawa mpya zimeingia, na wapo wagonjwa waliochaguliwa ambao upasuaji wa pili unawasaidia. Kwa hiyo kila mmoja asikie ushauri wa daktari wake. Ila mtu akiambiwa "subiri" huku anajisikia vizuri, asilale akifikiri ametupwa. Aulize maswali matatu: Tunasubiri mpaka lini? Tunaangalia dalili gani? Nikipata dalili hizo, nije kwa nani? Daktari akijibu hayo matatu, kusubiri kwako kuna mpango. Asipojibu, uliza tena kwa heshima, na mwombe mkalimani.

USIFICHE KARATASI

Nasikia kuna wanaoficha karatasi. Matibabu ya gharama kubwa nje ya kambi hupitia kamati ya rufaa, na kamati huangalia matumaini ya mgonjwa pamoja na gharama. Basi mtu anawaza: wakiona namba imepanda, watakata safari yangu.

Ndugu zangu, kuficha hakusaidii. Hospitali ina faili, namba iko kule tayari. Na ukikosa siku yako ya hospitali kwa kuogopa, hiyo ndiyo inayoonekana mbaya zaidi: wanaandika kwamba mgonjwa hakurudi. Njia nzuri ni kumwomba daktari aandike barua ya mpango wake: ugonjwa uko wapi, anataka kufanya nini, na kwa nini. Barua ya daktari inaeleza mambo ambayo namba peke yake haiwezi kueleza. Upeleke barua hiyo mapema kwa ofisi ya afya, na ubaki na kopi.

KWA WALIO NYUMBANI

Baba, usimwulize mama kila asubuhi "namba yako ni ngapi leo?" Kipimo hakifanywi kila siku, na yeye si namba. Mwulize amelala namna gani, amekula nini, tumbo liko vipi. Siku ya kwenda kuchukua majibu, aende na mtu. Masikio ya mtu mwenye woga hayasikii vizuri. Wa pili atasikia yaliyobaki.

Watoto wakubwa waambiwe ukweli mfupi: mama ni mgonjwa, daktari anaangalia, tutawaambia kinachoendelea. Mtoto asiyeambiwa anajitungia mwenyewe, na anayotunga usiku ni mabaya kuliko kweli. Darasani tunawaona, wanaangalia dirisha tu.

Kansa haiambukizi. Mnaweza kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, mtoto akabebwa. Na wanaosema amerogwa, tuwaambie kwa upole kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake wa kila nchi. Wanaokuja kuomba, karibu waombe. Maombi na dawa havigombani. Anayemwambia mama aache dawa ili aonyeshe imani, huyo msimkubalie. Na mizizi au majani yoyote anayokunywa, mwambieni daktari, maana mengine yanagombana na kemo.

DALILI AMBAZO HAZINGOJI SIKU YA RANDEVU

Nenda kituo cha afya siku ile ile ukiona: homa ya 38 au zaidi kwa mtu aliye kwenye kemo, tumbo kuvimba haraka, kutapika bila kuacha, kukosa choo na hewa pamoja na maumivu, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba. Hapo hakuna cha "tusubiri".

Na maumivu yasivumiliwe kimya. Hapa Uganda, tangu 2004, manesi na maofisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa na sheria kuandika mofini ya kunywa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Dokta Anne Merriman, inafanya kazi hiyo ya kutuliza maumivu. Kuomba dawa ya maumivu si kukubali kufa. Mtu asiye na maumivu anakula, analala, na anapata nguvu ya kuendelea na matibabu.

MASWALI YENU

Je, chakula kinaweza kushusha CA-125? Hapana, hakuna chakula kinachofanya hivyo. Lakini mgonjwa ale: maharage, samaki, mayai, mboga, uji mzito wakati tumbo halitaki kitu kigumu. Kula ni kwa ajili ya mwili.

Je, mtu anaweza kukataa kupimwa CA-125 kila mara? Ndiyo, baada ya kemo mtu anaweza kuzungumza na daktari na kukubaliana wapime mara chache, au wakati wa dalili. Kuna wanaopenda kujua kila kitu, na kuna ambao namba inawanyima usingizi wiki mbili kabla. Wote wawili wana haki. Ila aende kuonana na daktari kwa tarehe zake.

Je, usiku nikishindwa kulala kwa mawazo? Uwe na mtu mmoja uliyekubaliana naye, jirani au dada wa kanisani au msikitini, ambaye unaweza kumgongea. Andika maswali yako kwenye lile daftari, ulifunge, uyaachie asubuhi. Kama huzuni haikuachi wiki nzima na zaidi, kwenye kituo cha afya mwombe nesi akuelekeze kwa mshauri.

Nawashukuru wamama walioniruhusu kuuliza maswali yao hapa bila kutaja majina. Wenye maswali mengine waandike karatasi, waipeleke ofisi ya shule, hatutaji mtu. Mwezi ujao tutaongea juu ya watoto wanaotunza wazazi wagonjwa na kukosa masomo. Mungu awape nguvu wote walio kwenye matibabu, na wote wanaowapikia, wanaowafulia na wanaowasindikiza mpaka kituo cha basi alfajiri.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.