Tusihesabu Maiti, Tufuate Msuko



Kuna hukumu mbili tunazozisikia kila mara filamu za mapigano zinapotajwa mbele ya vijana, na zote mbili tunazikataa. Ya kwanza ni ya wazazi na walimu wengi: kwamba filamu hizo zote ni moja, kelele na damu, na kwamba ubaya wake unapimika kwa idadi ya wanaouawa. Ya pili ni ya vijana wenyewe: kwamba ni burudani tu, mtu anashangilia, anarudi nyumbani, basi. Hukumu hizi zaonekana kupingana, kumbe zimezaliwa tumbo moja. Zote mbili zinadhani kwamba filamu ya mapigano haina hoja. Sisi tunasema inayo, na kwamba hoja hiyo haikai katika damu wala katika maneno makali ya wahusika. Inakaa katika msuko: nani alianza, jambo gani lilizaa jambo gani, nani alifunguliwa njia ya kurudi nyuma akaikataa, na hadithi inakubali kufungwa kwa tendo la namna gani.

Fikra hii si ngeni. Aristotle, alipoandika juu ya tanzia, aliuweka msuko mbele ya wahusika akauita roho ya tanzia, na akadai matukio yazaane, yasifuatane tu. Walimu wa uandishi wa filamu wa Marekani walifuata nyayo hizo. Syd Field, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliigawa filamu sehemu tatu: kuanzishwa kwa jambo, makabiliano, na utatuzi, na kati ya sehemu na sehemu aliweka tukio linaloigeuza hadithi upande mwingine. Ramani hiyo inafaa. Lakini anayeishia kusema "hapa sehemu ya kwanza, hapa ya pili" amehesabu vyumba vya nyumba bila kuuliza ni nani anayeishi humo.

Tuchukue filamu ambayo jina la shujaa wake linajulikana hata na watoto wasiowahi kuiona: First Blood ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ted Kotcheff, Sylvester Stallone akiwa John Rambo. Wengi wanaolitaja jina hilo hudhani ni hadithi ya mtu mwenye misuli anayeua mamia. Sivyo. Katika filamu hiyo ya kwanza, mtu mmoja tu anakufa waziwazi mbele ya macho yetu, naye anaanguka kutoka helikopta. Mwenye kuhesabu maiti ataiweka kando kama filamu nyepesi. Mwenye kufuata msuko ataona kwamba ni filamu nzito sana.

Inaanza kwa mtu anayetembea kwa miguu akimtafuta askari mwenzake wa vita vya Vietnam. Anaambiwa kwamba rafiki yake amefariki kwa saratani, kwa sababu ya kemikali iliyotumiwa katika vita hivyo. Hakuna risasi iliyolia, lakini mzigo umekwisha kuwekwa juu ya mabega: huyu ndiye wa mwisho wa kikosi chake. Kisha anafika katika mji mdogo uitwao Hope, jina lenye maana ya tumaini, na mkuu wa polisi, Teasle, hapendi sura yake. Anampakia garini, anampitisha mjini, anamshusha ng'ambo ya daraja na kumwonyesha barabara ya kuendelea. Mgeni alikuwa ametaka mahali pa kula tu. Anageuka, anarudi. Anakamatwa.

Tuusimamishe mkanda hapa, maana filamu yote imo katika daraja hilo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sahani moja ya chakula ingeumaliza ufa huu. Badala yake kila tendo linazaa tendo kubwa kuliko lenyewe. Kituoni wanampiga, wanammwagia maji ya mpira, wanamkaribia na wembe ili wamnyoe kwa nguvu. Wembe unaamsha kumbukumbu ya visu vya watesaji wake wa Vietnam. Naye anavunja kila kitu, anatoroka msituni. Polisi mmoja, mwenye chuki kuliko wenzake, anamfyatulia risasi kutoka angani ingawa mkuu wake amemkataza, Rambo anarusha jiwe kujiokoa, helikopta inayumba, polisi anaanguka. Ndipo Rambo anajitokeza na kujaribu kujisalimisha, akisema kwamba hataki mtu mwingine aumie. Wanampiga risasi.

Msuko umemfungulia kila mmoja mlango wa kurudi, tena si mara moja. Teasle angaliweza kusikiliza. Polisi wangaliweza kupokea mikono iliyoinuliwa. Na Rambo mwenyewe, baada ya kuwajeruhi mmoja mmoja msituni bila kuwaua, anamwekea Teasle kisu shingoni, anamwonya aache, anamwachilia. Teasle haachi. Rambo naye, anapotoka katika machimbo walimodhani amezikwa, haendi zake. Anateka lori la jeshi, anarudi mjini na bunduki ya rashasha, anateketeza kituo cha mafuta na duka la silaha. Sasa hasira yake imeacha kujilinda, imekuwa kisasi. Msuko hauifichi tofauti hiyo. Tangu hapo mtazamaji aliyekuwa upande wake anaanza kuogopa kile alichokuwa akikishangilia.

Kisha unakuja mwisho, nao ndio unaoamua. Teasle amelala amejeruhiwa, bunduki imemwelekea. Kanuni ya kawaida ya filamu za namna hii ingedai risasi moja zaidi, kisha muziki. Lakini kamanda wake wa zamani, Trautman, anaingia na kumzuia, na shujaa anavunjika moyo, analia kama mtoto, anasimulia rafiki aliyekatwakatwa na bomu lililofichwa katika sanduku la kung'arishia viatu. Halafu anajisalimisha. Kilele cha filamu hii ya mapigano ni mtu anayezungumza. Mambo yote yaliyomsukuma kwenye vurugu yalikuwa maneno ambayo hakuna aliyekaa kuyasikia. Hiyo ndiyo hoja ya filamu, na haikuhubiriwa na mtu. Imejengwa kwa mfuatano wa matukio.

Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, ambamo filamu ilitolewa, Rambo anauawa. Watengenezaji walipiga picha pia ya mwisho ambamo anakufa, wakaiacha baada ya watazamaji wa majaribio kuikataa. Wapo wanaosema kwamba huo ulikuwa uoga wa kibiashara. Hatukatai kwamba biashara ilinufaika. Hata hivyo tunaona kwamba mwisho wa uhai ni mgumu zaidi, kwa kuwa maiti haidaiwi kitu, lakini mtu anayetoka mlangoni akiwa amefungwa pingu bado anadaiwa, na mji uliomfukuza bado unadaiwa naye.

Tuulinganishe sasa na msuko mwingine, ambao kwa ufundi unaupita huu mbali: Die Hard ya mwaka 1988, ya John McTiernan. Polisi wa New York, John McClane, anafika Los Angeles mkesha wa Noeli kumwona mkewe, na wezi wanaoongozwa na Hans Gruber wanaliteka jengo la kampuni anakofanya kazi mke huyo. Hakuna kitu kinachopotea bure katika hadithi hii. Abiria katika ndege anamshauri McClane avue viatu ili apumzike, anavivua, wezi wanaingia, na kwa hiyo anapigana miguu mitupu hadi adui anapotambua na kuamuru vioo vipigwe risasi ili sakafu ijae vigae. Saa ya mkono ambayo kampuni imempa mkewe, na ambayo mfanyakazi mwenzake anajivunia mwanzoni, ndiyo Gruber anayoning'inia mwishoni dirishani, na inapofunguliwa anaanguka. Hata wapelelezi wa serikali, wanapokata umeme kwa kufuata kanuni zao, wanamfungulia mwizi kufuli la mwisho, kama alivyokuwa amepanga. Mwalimu yeyote anayefundisha utunzi angefanya vema kuionyesha: panda mbegu mapema, vuna baadaye, na mavuno yawe makubwa kuliko mbegu.

Lakini ndani ya ufundi huo mna sajini Powell, polisi mwema aliye nje ya jengo, anayezungumza na McClane kwa redio. Anaungama kwamba zamani alimpiga risasi mtoto wa miaka 13 aliyeshika bunduki ya kuchezea, na tangu siku hiyo hawezi kumwelekezea mtu silaha. Sasa anafanya kazi ya mezani. Mtazamaji anamhurumia. Basi msuko, ambao hauachi mbegu yoyote bila mavuno, unavuna nini katika jeraha hili? Dakika za mwisho mwizi aliyedhaniwa amekufa anainuka na bunduki, na Powell anachomoa silaha, anamuua. Muziki unapanda. Amepona.

Hapo ndipo tunaposema hapana. Dhamiri iliyokataa kuua tena baada ya kumuua mtoto imegeuzwa kuwa ugonjwa, na dawa ya ugonjwa huo ni kuua vizuri mara hii. Hakuna mhusika aliyesema maneno hayo. Kama angeyasema, watu wangemzomea. Msuko umeyasema, na ukumbi mzima umepiga makofi. Mtoto aliyekufa hatajwi tena. Hii ndiyo nguvu tunayoitaka ionwe: neno linaloingia kwa mlango wa hoja hukaguliwa, lakini lile linaloingia kwa mlango wa kilele hupokelewa na machozi ya furaha.

Rambo naye hakusalimika. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1985, anatolewa gerezani na kurudishwa Vietnam kutafuta mateka, na swali lake la mwanzo ni kama safari hii wataruhusiwa kushinda. Tazama jinsi msuko ulivyobadilishwa. Milango ya kurudi nyuma imezibwa yote: wakubwa wamemsaliti, maadui hawana uso, hakuna wa kusikiliza. Msichana anayemsaidia, Co, anamwomba amchukue waende Marekani, na mara tu baada ya furaha hiyo anauawa. Hakuwekwa hapo aishi. Aliwekwa hapo afe, ili kifo chake kiwe leseni ya mauaji yatakayofuata. Mtu ni yule yule, misuli ni ile ile, hata kamanda ni yule yule. Kilichobadilika ni mpangilio wa sababu, na kwa hiyo yule aliyelia kwa ajili ya vita akawa tangazo la vita.

Je, haya yana uzito nje ya ukumbi? Mtaalamu wa Kiingereza Paul Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya vita vya Sierra Leone, alionyesha jinsi First Blood ilivyopendwa na vijana wapiganaji wa huko. Hakusema kwamba waliiga mikwaju kama kasuku. Alieleza kwamba walijitambua katika hadithi yenyewe: kijana aliyefukuzwa na wenye mji, anayekimbilia msituni na kuishi kwa akili yake. Kwa maneno yetu, walisoma msuko vizuri kuliko wakosoaji wengi. Lakini msuko huo una sehemu tatu, na tunajiuliza ni wangapi waliobaki na sehemu mbili za kwanza, kufukuzwa na kupigana, wasipate mtu wa kukaa nao juu ya ile ya tatu, ambamo silaha inawekwa chini na mtu anasikilizwa.

Wengine watatujibu kwamba mtazamaji wa kawaida hafikirii mambo haya. Ni kweli, hayafikirii. Anayahisi, na ndiyo sababu yanadumu. Wengine watasema, basi tuzipige marufuku. Kuzikataza filamu zote kwa pamoja ni kurudia kosa la kuzihesabu zote kuwa moja. Na kijana aliyekatazwa ataziona kwingine, bila mtu wa kumwuliza swali.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu jambo moja, nalo ni dogo. Filamu ikiisha, msiulize wangapi walikufa. Muulize: ufa wa kwanza ulikuwa wapi, na nani angeweza kuuziba? Ni mlango upi wa kurudi nyuma ulioonyeshwa ukapuuzwa, na je, mtunzi aliificha milango mingine ili tusidai ipitiwe? Nani aliwekwa katika hadithi ili afe tu, mwingine apate haki ya kuua? Na mwishoni, kitu gani kilitufanya tupige makofi?

Kijana aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya picha hatashindwa kuuliza hivyo siku atakapojiwa na mtu halisi mwenye hadithi iliyosukwa vizuri, yenye adui asiye na uso, maiti wa kulipiziwa, na nafasi moja iliyoachwa wazi kwa ajili ya shujaa. Nafasi hiyo huwa imepimwa kwa kimo chake. Na aujue msuko kabla hajaingia ndani yake.