Damu hukaa siku 35 tu: Kwa nini kuchangia mara moja kwa mwaka hakutoshi

Kila Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, watu hujitokeza, picha zinapigwa na friji za hospitali zinajaa. Sasa piga hesabu. Damu nzima ikiwekwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuitunza inayotumika sana, hukaa siku 35. Ya Juni 14 mwisho wake ni Julai 19. Mama atakayetokwa na damu nyingi akijifungua Agosti hataikuta.

Kwa watu wa Mlangali, wilayani Ludewa, hiyo ni hesabu ya uhai. Kituo cha kanda cha Damu Salama kwa Nyanda za Juu Kusini kiko Mbeya, na safari ya kwenda huko kupitia Njombe na Makambako ni ya saa nyingi. Anayevuja damu hana saa hizo.

Kwa nini isigandishwe kama nyama?

Kuku mzima anakaa kwenye friza hata mwaka, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Damu ni tofauti. Chembe zake nyekundu zina maji ndani, na yakiganda zinapasuka. Mgonjwa akiwekewa damu hiyo inaweza kumuharibu figo, hata kumuua.

Ndiyo maana hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6. Hata kwenye boksi la baridi, barafu haitakiwi kugusa mfuko. Zipo maabara zinazogandisha chembe hizo kwa kuzichanganya na gliseroli zikakaa miaka 10, ila gharama yake ni kubwa mno. Kinachogandishwa kirahisi ni plazma, yale majimaji ya damu, nayo hukaa mwaka mmoja. Chembe sahani hudumu siku 5 tu.

Umeme ukikatika

Baridi ya Mlangali isikudanganye. Usiku inauma, mchana jua linawaka. Hiyo sio friji.

Nyumbani, usifungue friza. Iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Samaki wa Ziwa Nyasa akiwa bado na barafu ndani, mrudishe au mpike. Akiwa ameyeyuka na kukaa kwenye joto zaidi ya saa 2, mtupe. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu.

Damu haina nafasi ya pili hivyo. Ikikaa nje ya friji zaidi ya dakika 30, hairudishwi. Ikianza kuwekwa kwa mgonjwa, imalizike ndani ya saa 4.

Dawa ni zamu

Kama damu inaisha kila siku 35, basi kuchangia kunatakiwa angalau mara 11 kwa mwaka. Hakuna mtu mmoja anayeweza: mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4.

Lakini vikundi vinaweza. Mwezi huu kwaya, mwezi ujao bodaboda, unaofuata wafanyabiashara wa sokoni, kisha walimu. Watu walewale, damu ileile, ila imegawanywa kwenye kalenda. Juni tupige picha, sawa. Agosti nayo ina wagonjwa.