Kiswahili Kimefika Kipkelion, Lakini Kimefikaje?

Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoichagua Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sisi watu wa pwani hatuishi kujisifu kwamba lugha yetu imefika mbali. Kweli imefika. Lakini mgema akisifiwa sana, tembo hulitia maji. Kwa maoni yangu, suali si Kiswahili kimefika wapi, bali kimefika kikifanya kazi gani. Na pahali pa kulijibia suali hilo si Lamu wala Unguja. Ni huko bara kwenye mashamba ya chai, mathalan Kipkelion, katika Kaunti ya Kericho.

Tuanze na jina. Reli ilipopita huko ikielekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901, kituo cha hapo kiliitwa Lumbwa, na wenyeji wakaandikwa vitabuni Walumbwa. Wenyewe hujiita Wakipsigis. Lumbwa ni jina lililotoka kwa Wamaasai, nao walilitumia kwa dharau kwa watu wa jembe. Wazungu wa kwanza walikwenda bara wakiongozwa na watu wa misafara ya pwani, wakayaokota majina kama walivyoyasikia njiani. Basi na sisi tumo katika hesabu hiyo. Dini yetu imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli, na hapa ndipo tunapoona sababu.

Maana jina likishaingia serikalini, huwa na nguvu ya sheria. Mwaka 1934 wakoloni walitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa Wakipsigis katika mambo ya ibada na siasa. Sheria hiyo iliwaita Malaibon. Hilo nalo ni neno la Kimaasai. Wakipsigis huwaita orkoiik. Watu wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwa jina ambalo si lao.

Hata hivyo, lugha hiyo hiyo huweza kumwinua mtu. Katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtangazaji John Chemallan alipozungumza redioni alizoea kutumia neno lenye maana ya "nakwambieni". Kutokana na neno hilo, Wakipsigis, Wanandi na jamaa zao wakajiita Wakalenjin. Safari hii jina walijipa wenyewe, na mpaka leo hakuna mwanasiasa wa Kenya asiyelihesabu.

Sasa tukitazame Kiswahili chenyewe. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920. Wafanya kazi walitoka kwa Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengineo, na lugha ya kuwaunganisha ikawa Kiswahili. Hilo ni jema. Lakini walichofundishwa ni Kiswahili cha amri: leta, beba, wewe kuja hapa. "Tafadhali" haikupandishwa garimoshi. Ndiyo sababu wako watu wa bara mpaka leo wanaodhani Kiswahili ni lugha ya askari na msimamizi, haina heshima ndani yake.

Yapo mabaya zaidi. Neno "madoadoa" ni letu, la nguo na la ngozi ya chui. Katika miaka ya 1990 wanasiasa wa Bonde la Ufa walilifanya jina la majirani waliotoka makabila mengine. Kipkelion iliona moto wa mapigano ya 1992, ikauona tena mwaka 2008 baada ya uchaguzi. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Lugha tunayoisifu kuwa ya umoja ndiyo iliyotumiwa kumwonyesha jirani kidole.

Na penye haki za mtu, Kiswahili hutolewa nje. Mikataba ya kikoloni ya kukodi ardhi kwa miaka 999 iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 imeipunguza kwa wageni hadi miaka 99, na imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kifungu cha 259 cha Katiba hiyo hiyo chasema kwamba nakala za lugha mbalimbali zikigongana, ya Kiingereza ndiyo ishikwe. Mchuma chai basi huamrishwa kwa Kiswahili, lakini haki zake zimo katika lugha nyingine.

Rai yangu ni hii. Sisi tujionao wenye lugha tudai mambo mawili. Kwanza, mikataba ya kazi na hati za ardhi ziandikwe kwa Kiswahili pia, na Kiswahili hicho kikubaliwe mahakamani. Pili, walimu, watangazaji na waandishi wetu wapeleke bara adabu ya lugha pamoja na msamiati wake, na wamkemee kila anayewabandika watu majina ya madoa. Wazee walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Maneno mabaya nayo yamewatoa watu majumbani mwao, na Kipkelion ni shahidi.