VIFUNGO VYA KITAMBAA NA UJIRA WA MWENYE KUVIFANYA

Ndugu wafanya kazi,

Huenda wengine mkaona ajabu kwamba mtu wa reli, ambaye kazi yake ni kuunganisha mabehewa pale Changamwe, aandika katika karatasi yetu habari za vifungo. Nawaomba mnivumilie, msome mpaka mwisho. Habari hii ni ya vifungo, lakini ni ya mshahara vile vile, na katika mambo ya mshahara hakuna mwanachama asiye na neno la kusema.

Mimi nakaa Mwakirunge, huku Kisauni. Nyumbani kwangu nina makochi niliyoachiwa na marehemu baba: moja la watu watatu na mengine mawili ya mtu mmoja mmoja. Mbao zake bado ni ngumu, lakini kitambaa kilikuwa kimechanika. Jirani mmoja aliniambia niyatupe, ninunue mapya kwa mkopo. Nilikataa. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, taka za mji huletwa kwetu Mwakirunge, na sisi tuonao lori zikipita twajua ni vitu vingapi vyema vinavyotupwa kwa sababu ya kitambaa tu. Nikanunua kitambaa cha kijani, nikamwita fundi wa makochi.

Fundi akayatazama, akaniambia, "Kazi nitaifanya, lakini vifungo vilete wewe, na vifunikwe kwa kitambaa hiki hiki. Dukani hutapata vya rangi hii." Akahesabu: kochi kubwa safu tatu, 7 na 6 na 7, jumla 20. Kochi dogo 3 na 2 na 3, yaani 8, na madogo ni mawili. Jumla yote vifungo 36, dazeni tatu kamili.

Nami nilidhani vifungo hivyo ni pambo tu. Fundi akanionyesha kosa langu. Kochi la zamani hushindiliwa usumba wa makumbi ya nazi, na usumba usiposhikwa husogea, ukajikusanya upande mmoja, na mwenye kukaa akakalia mbao. Kifungo hufungwa uzi mnene, ukapitishwa kwa sindano ndefu mpaka nyuma ya kochi, ukavutwa na kukazwa. Hapo usumba hauna njia ya kuhama. Wazee wetu walijua jambo hilo katika magodoro ya sufi, ambayo yalitobolewa na kufungwa uzi hapa na pale ili sufi isikimbie. Basi kifungo kidogo kile ndicho kinachobeba kazi yote ya kochi, ingawa aketiye hakioni.

Huku kwetu yuko mama mmoja mjane anayefanya vifungo hivyo barazani kwake. Ana mashine ndogo ya mkono, ya kubonyeza, na kalibu za nambari mbalimbali. Nambari hizo si za kubahatisha: katika hesabu ya vifungo, inchi moja ni 40, kwa hiyo kifungo cha nambari 36 ni kama milimita 23 kwa upana. Nilikaa nikamtazama akifanya kazi. Kwanza huchora duara juu ya kitambaa, kubwa karibu mara mbili ya kifungo, akalikata kwa mkasi. Kisha huweka kitambaa katika kalibu, juu yake kofia ya bati, akaingiza kingo za kitambaa ndani kwa kidole gumba, asiache hata mkunjo mmoja. Mwisho hutia kisahani cha nyuma chenye kitanzi, akabonyeza mkono wa mashine. Kofia na kisahani vikashikana, kitambaa kikabanwa katikati yake, na kifungo kikawa tayari.

Kwa macho ni kazi nyepesi. Lakini kitambaa kikiwa kizito kama mahameli, hakiingii, na kisahani hupinda. Kikiwa chepesi kama hariri, bati hung'aa kwa ndani, hata sharti atie kitambaa kingine chini yake. Kikiwa na maua au mistari, yampasa aliweke ua katikati kila mara, la sivyo vifungo vyote huonekana vimelewa. Na huku pwani kuna adui mwingine, chumvi ya hewa ya bahari: kofia ikiwa ya chuma duni hushika kutu, na baada ya kufuliwa nguo mara chache, alama ya kutu hutokea juu ya kifua cha mwenye nguo. Kwa hiyo yeye hutafuta kofia za aluminiamu, ingawa bei yake imezidi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu mwenyewe.

Mama yule aliniambia bei yake ni shilingi 15 kifungo kimoja, yaani shilingi 540 kwa vyote. Siku ile nilikuwa nimetoka katika mkutano wa tawi letu, tuliposema kwa sauti kubwa juu ya malipo ya saa za ziada, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi sana. Lakini mbele ya mama yule ulimi wangu ukageuka. Nikasema, "Mama, kidude kama hiki shilingi 15? Kumi yatosha." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, kumi hainifai." Nikajifanya naondoka. Akaniita, akakubali shilingi 360. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Usiku usingizi haukuja. Katika shule ya misheni niliyosoma mpaka darasa la nane, somo nililolipenda ni hesabu, na mpaka leo hesabu ikinikaa kichwani sharti niimalize. Wakati nikimtazama nilikuwa nimemwuliza gharama zake. Nikachukua kalamu, nikaandika hivi:

Kofia na visahani hununua kwa grosi, vipande 144 kwa shilingi 720, yaani shilingi 5 kila kimoja. Kwa vifungo vyangu 36 ni shilingi 180. Vilivyoharibika mikononi mwake vilikuwa 3, shilingi 15. Kwenda mjini kuchukua grosi na kurudi hulipa nauli shilingi 200, na grosi moja yatosha karibu kazi nne kama yangu, kwa hivyo fungu langu la nauli ni kama shilingi 50. Jumla ya gharama shilingi 245, na hapo sijahesabu kuchakaa kwa mashine wala macho yake.

Kwa shilingi 360 nilizomlipa, amebakiwa na shilingi 115. Kila kifungo kilimchukua dakika 4 kwa kuchora, kukata na kubonyeza, na vifungo 36 ni dakika 144, yaani saa mbili na dakika 24. Basi nimemlipa fundi yule shilingi ambazo hazifiki 48 kwa saa moja ya kazi yake.

Kama ningalimpa bei aliyotaja, angalibakiwa na shilingi 295. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Bei niliikata theluthi moja tu. Lakini pato lake nililikata zaidi ya nusu, kwa sababu bati halikupungua bei, na nauli haikupungua bei. Kilichoweza kupungua ni chakula chake peke yake.

Hilo ndilo jambo lililonifanya niandike. Mtu anayekata bei ya kazi ya mkono hakati bati wala nauli. Akata tumbo la mwenye mkono. Na sisi tulio katika chama twalijua jambo hili vizuri likitupata sisi. Tukiambiwa tukubali kupunguziwa kidogo tu, mara moja twauliza, hicho kidogo chatoka wapi? Kodi ya nyumba haipungui, unga haupungui, karo haipungui. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Wako watakaosema, "Yule si mwajiriwa, ni mfanya biashara, naye alikubali bei." Nami nilijiambia hivyo hivyo usiku ule. Lakini mtu akubaliye kwa sababu unga umekwisha nyumbani, je, amekubali kweli? Kama makubaliano ya namna hiyo yangalikuwa ya haki, vyama vya wafanya kazi visingalihitajika duniani.

Wengine watasema kwamba vifungo ni mambo madogo. Hao na wasikie habari za Uingereza. Mwaka 1698 Bunge la huko lilitunga sheria ya kukataza vifungo vya kitambaa. Sababu yake ilikuwa kazi. Watu wengi walipata riziki kwa kufuma vifungo kwa sindano, kwa nyuzi za hariri na za manyoya ya mbuzi. Washona nguo walipoanza kufunika vifungo kwa vipande vya nguo ile ile, watu wa sindano wakakosa kazi, wakalalamika Bungeni. Ikaamriwa kwamba mwenye kufanya au kuuza vifungo vya kitambaa atozwe shilingi 40 kwa kila dazeni. Mwaka 1721 ikaongezwa sheria nyingine iliyowashika hata wavaaji.

Sheria hizo hazikuwaokoa. Karne ya 19 viwanda vya Birmingham vikawa vinafunika vifungo kwa mashine, na mwaka 1825 Benjamin Sanders akasajili kifungo cha kitambaa chenye kishikio laini cha turubai nyuma. Katika jimbo la Dorset wanawake walikuwa wakifanya vifungo vya nyuzi, kila mmoja peke yake nyumbani, wakilipwa na mawakala kwa bei waliyoitaka mawakala. Mashine ya vifungo ilipoonyeshwa katika Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851, kazi yao ikafa, na jamaa nyingi zikahamia ng'ambo. Mimi naona fundisho moja hapo. Kukataza kitu hakumsaidii mfanya kazi siku nyingi. Wanawake wale walikosa umoja wa kusimamia ujira wao tangu mapema, na siku ya shida ilipofika hapakuwa na wa kuwasemea.

Sisi wa Mombasa tuna mfano bora kuliko huo. Tarehe 13 Januari 1947 mji wetu ulisimama kwa mgomo mkubwa wa watu kama 15,000. Watu wa bandari walikuwapo, na watu wa reli walikuwapo. Lakini hawakuwa peke yao: watumishi wa majumbani na wa mahoteli waligoma pia, na wote walikusanyika Kiwanja cha Maskini. Hakuna aliyemwambia mpishi kwamba kazi yake ni ndogo, asubiri nje. Nguvu ya mgomo ule ilikuwa hapo. Na mwaka 1996 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva Mkataba nambari 177, usemao kwamba wanaopewa kazi ya malipo na kuifanya majumbani mwao wasibaguliwe na wafanya kazi wengine. Mjane wetu hafanyii mwajiri mmoja, bali maana ya neno lile yamfaa hata yeye: kazi haiwi ndogo kwa sababu yafanywa barazani.

Kwa hiyo natoa shauri langu kwa wanachama wa tawi letu, na kwa matawi mengine wakipenda.

Kwanza, kabla ya kukata bei ya fundi yeyote wa mkono, mwulize gharama zake, ufanye hesabu kama niliyoifanya mimi, lakini uifanye mchana mbele yake, si usiku baada ya kumwumiza.

Pili, mpe nusu ya malipo mbele, asikope fedha za kununulia kofia za bati. Mpelekee kitambaa cha kutosha na kipande cha ziada, na usimharakishe.

Tatu, mafundi wa vifungo wa Kisauni washauriwe kununua grosi zao pamoja. Nauli ya mtu mmoja ikichukua grosi kumi, fungu la kila mmoja huwa dogo, na pato lao huongezeka bila mnunuzi kuongezewa senti.

Nne, wengi wetu tuna wake na dada wenye cherehani. Chama chetu cha akiba na mikopo kiombwe kufikiria mikopo midogo ya mashine za kubonyeza na kalibu zake. Na mafundi hawa waalikwe katika mkutano wetu, waseme shida zao kwa midomo yao wenyewe.

Mwisho nawaambieni yaliyofuata. Asubuhi yake nilirudi kwa mama yule na shilingi 180 mkononi. Akazikataa. Akasema, "Mwanangu, mimi sikukuuzia huruma, nilikuuzia vifungo. Ukiona bei yangu ilikuwa ya haki, lete kazi nyingine uilipe bei hiyo." Nikaona haya kuliko jana. Juma lile lile nikampelekea kitambaa cha gauni la mke wangu, vifungo 12 vidogo vya nambari 24. Safari hii alipotaja bei nilinyamaza, nikalipa nusu papo hapo.

Makochi yangu sasa yamekamilika, na vifungo vyote 36 vimekaa. Mgeni akiyasifu, humwambia ni nani aliyevifanya, na bei yake ni shilingi ngapi, ili asije akaenda kule kufanya ujanja kama wangu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mfanya kazi wa Reli, Mwakirunge