Jawabu la Mmisionari ni Skuli na Kitabu

MTAZAMO WA GANDO
Na Omar Kombo Faki

Wanapoingia wahubiri wa dini nyengine, aghalabu shauri la mwanzo huwa ni moja: wapigwe marufuku, wasusiwe, wafukuzwe. Hapa Pemba suala hili si geni. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba, Wakristo wa madhehebu ya Quaker kutoka Uingereza walikuja kukaa Banani, wakawakusanya walioachwa huru katika shamba lao na kuwafungulia skuli. Nashikilia kwamba dini haihifadhiwi kwa kuwafungia wageni mlango. Huhifadhika pale watu wake wanapopata kwao wenyewe elimu na huduma ambazo mgeni amekuja nazo mkononi. Ushahidi wa hili nautafuta kwa watu ambao ni nadra kwetu kuwatazama kwa ajili ya funzo: Mayahudi, na hasa wale wa Uhabeshi.

Beta Israel waliishi kwa karne nyingi katika milima ya Semien na vijiji vya Gondar, wakiifuata Torati mbali na Mayahudi wenzao. Mwaka 1860 aliwafikia Henry Aaron Stern, mjumbe wa jumuiya iliyoundwa London mwaka 1809 mahsusi kwa kuwahubiria Mayahudi Ukristo. Mwenyewe alizaliwa Myahudi, huko Ujerumani. Mfalme Tewodros wa Pili alimruhusu, kwa sharti kwamba watakaokubali wabatizwe katika kanisa la Uhabeshi. Nguvu ya wamisionari ilikuwa katika Biblia ya Kiamhari, lugha ya watu, ilhali vitabu vya makuhani wa Beta Israel vilikuwa kwa Kigeezi, ambacho muumini wa kawaida hakukifahamu. Katika mtikisiko huo, mwaka 1862, mtawa Abba Mahari aliwaongoza watu wengi kuelekea Bahari ya Shamu, wakitaraji kufika Yerusalemu. Njaa na maradhi yaliwaua wengi njiani. Mwaka 1867 Alliance Israélite Universelle, jumuiya ya Mayahudi yenye makao Paris, ilimtuma Joseph Halévy, naye akarudi na ushauri wa kufungua skuli. Ushauri ukawekwa kando. Ilipofika 1904 ndipo mwanafunzi wake, Jacques Faitlovitch, alipokwenda Uhabeshi na kuishika kazi hiyo. Kijana Taamrat Emmanuel alimkuta katika skuli ya misheni ya Kiswidi mjini Asmara, akampeleka Ulaya kusoma, na mwaka 1923 Taamrat akawa mkuu wa skuli ya Kiyahudi iliyofunguliwa Addis Ababa. Hata huyo aliyekuja kuwasomesha Beta Israel alipitia kwanza katika madarasa ya wamisionari. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa.

Yerusalemu inatoa ushahidi uo huo kwa upande wa tiba. Jumuiya ile ya London ilifungua hospitali ya Mayahudi mwaka 1844, na marabi wakaharimisha kulazwa humo. Lakini marufuku peke yake haimponyi mgonjwa. Moses Montefiore alikwishatambua hilo alipompeleka daktari Simon Fraenkel mwaka 1843, na familia ya Rothschild ikafungua hospitali yake mwaka 1854. Tangu hapo Myahudi maskini aliweza kutibiwa bila ya kuwekewa mahubiri kando ya kitanda.

Kwetu Zanzibar maulamaa walilijua hili mapema. Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, alijadiliana na Askofu Edward Steere, na bado akamfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Sheikh Ali bin Muhammad al-Mundhiri, wa madhehebu ya Ibadhi, alikamilisha mwaka 1891 kitabu cha kuijibu risala inayonasibishwa na Abd al-Masih al-Kindi, iliyokuwa ikitumiwa na wamisionari. Aliisoma Biblia yenyewe ili ajibu kwa hoja. Tulipozembea tukalipa. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya kuupinga Uislamu. Masheikh walighadhibika, na walikuwa na haki. Lakini Waahmadiyya ndio waliotangulia kutoa tafsiri yao kamili, mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy haikukamilika hadi 1969. Kwa miaka 46 msomaji wa Kiswahili aliyetaka Kurani nzima kwa lugha yake alitegemea watu ambao masheikh wetu hawakuwaafiki.

Zipo pingamizi za kuheshimiwa. Ya kwanza ni kwamba mmisionari alikuja na dola nyuma yake, kwa hiyo uwanja haukuwa sawa. Ni kweli, Zanzibar ilitiwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Lakini asiye na dola ndiye mwenye haja zaidi ya kitabu, maana marufuku yake haina wa kuitekeleza. Ya pili ni kwamba Pemba imebaki ya Kiislamu bila ya vitabu vya majibu. Nami nasema imebaki kwa sababu ya vyuo vya Kurani vilivyomsomesha mtoto tangu utotoni, na hilo ni jawabu la kujenga, si la kufukuza. Ya tatu ndiyo nzito: anayejenga mithili ya mgeni hubadilika naye. Faitlovitch aliwasukuma Beta Israel waache utawa na dhabihu zao ili wafanane na Mayahudi wa Ulaya. Hasara hiyo siipuuzi. Dawa yake ni kuwahi, kwani anayejenga mapema huchagua mwenyewe cha kubadilisha na cha kuhifadhi.

Makanisa yalipochomwa moto Unguja mwezi Mei 2012, hakuna hoja hata moja iliyojibiwa wala mtoto hata mmoja aliyesomeshwa. Palidhulumiwa majirani, na dini yetu ikatiwa doa. Nawaomba masheikh na matajiri wa Gando na Wete fedha za wakfu ziende kwenye mishahara ya walimu wa vyuo, kwenye zahanati, na kwenye uchapishaji wa kazi za al-Mundhiri na al-Amawy kwa Kiswahili cha leo. Kijana aliyeisoma dini yake kwa lugha anayoifahamu anaweza kumsikiliza mhubiri yeyote kwa adabu, akamjibu kwa adabu, na akabaki jirani mwema.