Mafuta ya taa ni ya kibatari, si ya kuoshea injini!

Haya wapendwa, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, mitihani ya majaribio ilinibana, halafu bumu lenyewe lilichelewa kama kawaida yake. Leo siandiki habari za hosteli wala foleni ya kafteria. Leo nina hasira na naomba mnivumilie.

Wanaonifahamu wanajua kwetu ni Mombo, pale mabasi ya Arusha yanaposimama na watu wa Lushoto wanaposhuka kuunganisha safari ya milimani. Mjomba wangu ana Noah inayopandisha abiria Lushoto. Sehemu ya ada yangu inatoka kwenye Noah hiyo. Niseme vizuri: ilikuwa inatoka.

Desemba 2024, nikiwa likizo, nilimsindikiza mjomba gereji kubadili oili. Fundi akafungua kifuniko cha kujazia oili, akachungulia, akaguna. Ndani kulikuwa kweusi, kumeganda kama ugali wa jana ulioungua. Akasema, "Mzee, hii tunaiosha kwanza." Akamwaga oili chafu, akatia lita kadhaa za mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, akawasha gari likaunguruma robo saa. Yaliyotoka yalikuwa meusi tii. Mjomba akafurahi, akaniambia, "Umeona, mwanangu? Uchafu wote huo!" Hata mimi nilifurahi, jamani. Tukatia oili mpya, tukalipa.

Siku ya tatu, kabla ya kufika Soni, taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva akadhani ni waya. Kona mbili mbele injini ikaanza kugonga, kisha ikanoki. Abiria wakashuka na matenga yao, na mimi ada ya muhula ule nikaisikia ikiondoka.

Sasa kilichotokea ni nini? Fundi wa pili alipofungua sampu tulikiona kwa macho. Strena, yaani lile chujio la wavu ambalo pampu inanyonyea oili, lilikuwa limezibwa na mabonge. Mafuta ya taa hayayeyushi tope lote. Yanalegeza lile lililoganda ukutani, mengine yanatoka, mengine yanabaki chini yakisubiri. Oili mpya ikiwa moto na injini ikivuta mlima, mabonge yanakwenda kwenye strena, pampu inakosa cha kunyonya, na beringi za krenki zinasuguana chuma kwa chuma. Ongeza kwamba mafuta ya taa ni mepesi mno. Ile robo saa ya kuunguruma, vyuma vilikuwa karibu vinazunguka vikavu.

Najua mtaniambia: "Dada, wewe unasomea ualimu, gereji unajua nini?" Na lingine: "Tumefanya hivi miaka 20, magari yanatembea." Sawa. Hata mwanafunzi anayekesha na desa usiku mmoja kuna siku anafaulu. Je, hiyo ndiyo njia ya kufundishia? Tope halikuja kwa siku moja. Limeletwa na oili iliyokaa muda mrefu kwenye joto ikachoka, masizi, petroli na unyevu vikichanganyika humo. Oili ina dawa za kusafisha na kushikilia uchafu usigande. Zikiisha nguvu, uchafu unaganda.

Na tusiwaonee mafundi peke yao. Mjomba mwenyewe alikuwa anasogeza kilomita, 5,000 zinakuwa 9,000, "bado inavuta." Ananunua oili ya kupima kwenye pipa, haijulikani ina daraja gani. Barabara yenyewe ni kilomita zipatazo 33, unapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona. Gari la kazi hiyo linahitaji oili mapema kuliko la mwalimu mkuu linalokwenda kanisani Jumapili.

Hata wakubwa hulaumiana kwenye jambo hili. Toyota ililalamikiwa Marekani kwa injini kujaa tope. Mwanzoni ikasema wateja hawabadili oili kwa wakati, lakini mwaka 2002 ikakubali kugharamia matengenezo kwa magari yake ya 1997 hadi 2002, zaidi ya milioni 3. Mojawapo ya injini hizo, ile V6 ya lita 3, imo pia kwenye Harrier za zamani tunazoringia hapa mjini.

Basi tufanyeje? Kama tope ni jembamba, badili oili nzuri na filta, kisha badili tena mapema, kilomita 1,000 au 1,500, mara mbili tatu. Oili yenyewe itasafisha polepole. Kama ni nene, shusha sampu, safisha strena kwa mkono, fungua na kifuniko cha tapeti. Ni kazi ya siku nzima, ndiyo, lakini ni nafuu kuliko ovahoo. Zipo dawa za chupa za kuoshea injini, ila kwenye tope nene nazo zinaweza kulegeza mabonge vilevile. Na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, acha kuosha kabisa: maji yanaingia, tafuta gasketi.

Jambo la mwisho. Yale meusi tii yalimwagwa wapi? Mtaroni. Mtaro unakwenda mtoni, na bondeni Mombo watu wanamwagilia mpunga. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema oili ya gari moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Tukikinga kwenye dumu tunapungukiwa nini?

Hoja yangu ni hii: fundi akisema "tunaiosha kwanza", muulize tope litatokea wapi. Asipokujibu, chukua funguo zako.

Mjomba sasa anaendesha gari la mtu, deiwaka. Hajaniambia neno la ada, na mimi sijauliza. Haya, nikalale, kesho saa moja na nusu nina saikolojia ya elimu.