Vitisho na viitwe vitisho

Wafaransa huiita siasa ya silaha zao za nyuklia "dissuasion", neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kumshawishi mtu asitende jambo. Mimi niliye mwanaisimu naliona neno hilo kuwa la upole kupita kiasi.

Hebu msomaji ayatazame majina ya nyambizi zinazobeba silaha hizo. Ya kwanza, iliyoshushwa majini Cherbourg mwaka wa 1967 mbele ya Jenerali de Gaulle na kuanza kazi 1971 ikiwa na makombora 16, iliitwa Le Redoutable, yaani Ya Kuogopwa. Zikafuata Le Terrible, Ya Kutisha, na Le Foudroyant, Ipigayo kama Radi. Nyambizi za leo ni nne, na mojawapo imerithi jina Le Terrible.

Isitoshe, ili silaha hizo zipatikane, Ufaransa ilifanya majaribio 17 ya nyuklia nchini Algeria na 193 Polynesia, kati ya 1960 na 1996. Je, wenyeji wa huko walishawishiwa na nani?

Heri basi waliozipa nyambizi majina, kwani walisema kweli. Wanasiasa nao wakumbuke: mficha maradhi, kifo humuumbua.